Taycan, Model S Plaid au Lucid Air: hesabu uniti na matairi kabla ya nguvu farasi

Shemeji yangu anaishi Houston, kwenye nyumba ya kupanga ghorofa ya tatu. Mwezi uliopita alinipigia simu usiku akiwa na swali moja: kati ya Porsche Taycan, Tesla Model S Plaid na Lucid Air, ipi inakula umeme kidogo? Pesa ya kununua alikwishaiweka. Alichoogopa ni kuingia kwenye gari la kifahari halafu likaanza kumkamua kila mwezi. Nikamuuliza, "Shemeji, utalichajia wapi?" Akanyamaza. Tulipoanza kupiga hesabu pamoja, aligundua kwamba swali langu lilikuwa zito kuliko lake, na nadhani wapo wengine wanaohitaji hesabu hiyo kabla hawajasaini karatasi.

Tuanze na kipimo. Nyumbani Tanzania tunanunua umeme kwa uniti, na uniti ya LUKU ndiyo ile ile kilowati-saa inayoandikwa kwenye bili ya Texas. Kila gari jipya linalouzwa Marekani hubandikwa kwenye kioo karatasi ya EPA, wakala wa serikali ya nchi hiyo anayesimamia mazingira. Kwenye karatasi ya gari la umeme kuna namba mbili za kuangalia: maili ambazo gari linakwenda kwa chaji moja, na kilowati-saa linazotumia kwa kila maili 100. Watu hukimbilia ile ya kwanza. Ya pili ndiyo inayogusa mfuko, kwa sababu umeme wake huhesabiwa kuanzia ukutani unapochomeka waya. Ule unaopotea kama joto wakati wa kuchaji umo ndani yake tayari. Zidisha namba hiyo kwa bei ya uniti, umepata gharama yako ya maili 100.

Nimechukua maili 12,000 kwa mwaka, senti 15 kwa uniti ukichaji nyumbani, na senti 55 ukichaji kwenye chaja za haraka za barabarani. Bei hizi ni za mfano. Weka zako, mpangilio utabaki ule ule. Majina kama Pure, Plaid na Turbo S ni matoleo ya gari moja, yanayotofautiana kwa nguvu na bei.

| Gari | Uniti kwa maili 100 | Nyumbani kwa mwaka | Chaja ya haraka kwa mwaka |
|---|---|---|---|
| Lucid Air Pure 2025 | 23 | dola 414 | dola 1,518 |
| Lucid Air Grand Touring 2022, rimu za inchi 19 | 26 | dola 468 | dola 1,716 |
| Tesla Model S Plaid 2022, rimu 19 | 29 | dola 522 | dola 1,914 |
| Lucid Air Sapphire | 32 | dola 576 | dola 2,112 |
| Tesla Model S Plaid 2022, rimu 21 | 33 | dola 594 | dola 2,178 |
| Porsche Taycan Turbo S 2020 | 50 | dola 900 | dola 3,300 |

Soma safu ya nyumbani kutoka juu hadi chini. Kati ya gari linalokula kidogo kuliko yote na linalokula sana kuna tofauti ya dola 486 kwa mwaka, yaani kama dola 40 kwa mwezi. Kwa mtu anayenunua gari la bei hii, hiyo si sababu ya kuacha gari analolipenda. Sasa soma kwa upana, mstari wa Plaid ya rimu 19: gari lile lile, dereva yule yule, barabara ile ile, lakini kuhama kutoka soketi ya nyumbani kwenda chaja ya haraka kunaongeza dola 1,392. Mahali unapochajia kuna uzito karibu mara tatu ya gari utakalochagua.

Kuna la kusikitisha zaidi chini ya jedwali. Gari la petroli la daraja hili linalokwenda maili 20 kwa galoni litakunywa galoni 600 kwa mwaka. Galoni ikiwa dola 4, hiyo ni dola 2,400. Mwenye Taycan Turbo S ya 2020 anayetegemea chaja za barabarani peke yake analipa zaidi ya mwenye petroli. Nimewaona watu wakinunua gari la umeme ili waokoe, wakiwa hawana pa kulichomeka, na nawaonea huruma, maana hakuna aliyewapigia hesabu hii mapema.

Nguvu farasi hazili kama tunavyodhani

Tuliokulia kwenye magari ya petroli tunajua kwamba injini kubwa ni mdomo mkubwa. V8 inachoma mafuta hata ikiwa imesimama kwenye taa nyekundu. Mota ya umeme haifanyi hivyo: gari likisimama, nayo imesimama, na ukiendesha taratibu inachukua kile tu kinachohitajika. Nguvu uliyotumia kukimbia hurudi kwa sehemu kubwa kwenye betri unapopunguza mwendo, kwa sababu mota hugeuka kuwa jenereta.

Ndiyo maana Lucid Air Sapphire, yenye nguvu farasi 1,234, inakula uniti 32, wakati Taycan Turbo S ya 2020, yenye nguvu farasi 750 inapofyatuka kutoka kusimama, iliandikiwa 50. Na ndani ya Tesla kwenyewe, kwenye karatasi za 2022, Model S ya kawaida ya nguvu farasi 670 iliandikiwa maili 405, na Plaid ya nguvu farasi 1,020 iliandikiwa 396. Nguvu farasi 350 za ziada kwa maili tisa.

Namba hiyo ya Plaid inahitaji tahadhari. Januari 2024, Tesla ilishusha maili za Plaid ya rimu 19 kutoka 396 hadi 359, baada ya EPA kubadilisha utaratibu wa kupima. Betri haikupungua, chuma hakikubadilika. Anayekuuzia Plaid iliyotumika huenda akakuonyesha karatasi ya zamani, naye hadanganyi. Wewe piga hesabu zako kwa namba ya chini.

Kinachokula ni rimu na upepo

Angalia tena Plaid kwenye jedwali. Ikiwa na rimu za inchi 19 inapewa maili 396, na za inchi 21 inapewa 348. Maili 48 zimekwenda kwa ajili ya sura ya gurudumu. Lucid Air Grand Touring ya 2022 ina hadithi hiyo hiyo: 516 kwa rimu 19, 469 kwa rimu 21, tofauti ya maili 47. Viwanda viwili, wahandisi tofauti, hasara karibu sawa. Rimu kubwa huwa nzito, na matairi yanayokwenda nayo huwa mapana na laini ili yashike barabara, na tairi linaloshika sana husuguana sana. Ukibaki na ushauri mmoja tu kutoka kwangu, uwe huu: chukua rimu ndogo. Gari halitapoteza uzuri ambao mtu wa kawaida atauona, na wewe utapata karibu moja ya kumi ya betri bila kuinunua.

Kingine ni upepo. Nguvu ya hewa inayosukuma gari nyuma hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kutoka maili 65 kwa saa hadi 75 inaongezeka kwa theluthi moja, na hiyo ni kwa kila maili unayokwenda. Lucid imechongwa vizuri kuliko wenzake hapa: kipimo chake cha ukinzani wa hewa ni 0.197. Model S ni 0.208, Taycan Turbo ni 0.22, na Turbo S ni 0.25. Mjini tofauti hizi huzioni. Kwenye barabara ya I-45 kutoka Houston hadi Dallas, maili kama 240 za tambarare ambako watu hawashuki chini ya 75, ndizo zinazoamua kama utasimama njiani au hutasimama. Jarida la Car and Driver lilipoikimbiza Plaid ya rimu 21 kwa mwendo wa maili 75, ilifika 280 badala ya 348 za karatasi. Inakufikisha Dallas, lakini ukutane na upepo wa mbele na mvua ya Januari, utaanza kuangalia asilimia kila dakika. Grand Touring inafika na kubaki na akiba ya kuzungukia mji siku nzima.

Mwezi Julai 2025 Lucid Air Grand Touring iliingia kwenye rekodi za Guinness kwa kwenda kilomita 1,205 kwa chaji moja, kutoka St. Moritz nchini Uswisi hadi Munich. Ni kazi ya kupongezwa kwa dhati. Kumbuka tu kwamba St. Moritz iko juu milimani zaidi ya mita 1,800 na Munich iko chini kabisa ya hapo. Safari ilikuwa ya kuteremka, na mwendo wa rekodi si mwendo wa mtu anayewahi kazini.

Taycan mbili zenye jina moja

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu Taycan ndiyo inayohukumiwa vibaya zaidi, na ndiyo inayopatikana kwa bei ya kuvutia sokoni.

Uniti 50 za Turbo S ya 2020 ni namba ya kweli ya EPA, lakini haisemi habari yote. Taycan Turbo ya mwaka huo iliandikiwa maili 201. Porsche ilipeleka gari hilo kwa kampuni ya upimaji ya AMCI, likaenda maili 275. Karatasi ya Tesla huwa na ukarimu, ya Porsche ilikuwa na ubahili, na chanzo kimojawapo kiko kwenye kanuni. Mtengenezaji anaweza kupimwa kwa mizunguko miwili ya majaribio na matokeo yazidishwe kwa 0.7, au apitie mizunguko mitano na kupata kizidishi kinachomfaa zaidi. Tesla imekuwa ikipitia mitano. Kwa hiyo ukiweka karatasi mbili upande kwa upande hulinganishi magari matupu, unalinganisha pia njia mbili za kupima. Dereva mtulivu wa Taycan ya zamani atakula chini ya 50. Hata hivyo hataifikia Lucid.

Kisha likaja gari la 2025. Taycan ya kawaida inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, yenye betri kubwa, mwaka 2021 ilipewa maili 225. Sasa inapewa 318. Betri imekua kutoka kilowati-saa 93.4 hadi 105, yaani asilimia 12 tu, lakini masafa yamekua kwa asilimia 41. Sehemu kubwa ya faida imetoka kwenye kubana matumizi: mota mpya ya nyuma, matairi yenye msuguano mdogo, pampu ya joto (kifaa kinachopasha gari kwa umeme kidogo) ambayo sasa ni ya kila gari, na mfumo wa breki unaoweza kurudisha hadi kilowati 400 kwenye betri ukipunguza mwendo, kutoka 290. Jina na umbo vimebaki, lakini kwa habari ya umeme hili ni gari jingine kabisa.

Anayetaka la zamani kwa sababu ya bei asikate tamaa. Porsche ilitoa programu mpya inayoilegeza na kuizima mota ya mbele gari linapotembea kwa utulivu. Uliza kama gari unaloliangalia limewekewa programu hiyo, na uombe karatasi yake. Jambo jingine ni namna Taycan inavyotaka kuendeshwa. Tesla ukiachia pedali inashika breki yenyewe na kurudisha umeme. Taycan ukiachia inateleza kama mtumbwi, na umeme unarudi unapogusa breki. Porsche inasema kama asilimia 90 ya breki za kila siku hufanywa na mota bila kugusa diski. Kwenye barabara kuu, kuteleza ni bora kuliko kurudisha, kwa maana umeme usioutumia haupotezi kitu, na unaorudishwa hupungua njiani.

Chaja ya haraka na gari lako

Magari haya hayafanani yakifika kituoni. Taycan inatumia mfumo wa volti 800. Ya zamani hupokea hadi kilowati 270, na mpya hadi 320, ikitoka asilimia 10 hadi 80 kwa dakika 18 mambo yote yakiwa sawa. Lucid, yenye mfumo wa volti zaidi ya 900, hupokea hadi 300, na Grand Touring hutajiwa maili 200 kwa dakika 12. Model S hupokea hadi 250 na hutajiwa maili 200 kwa dakika 15.

Kwa mtazamo wa kwanza Tesla ni ya mwisho. Lakini vituo vya Supercharger, chaja za haraka za Tesla yenyewe, viko kila mahali Marekani, na Model S imezaliwa navyo. Lucid Air iliruhusiwa kuvitumia Julai 2025 kwa kutumia adapta, na ikifika pale inapokea kilowati 50 tu, kwa sababu volti za kituo na za gari hazilingani. Kwa gari linaloweza 300 kwingineko, kilowati 50 ni kukaa kituoni hadi chai ipoe. Taycan nayo ina kizuizi cha aina hiyo kwenye vituo vya volti 400. Kwa hiyo ukichagua Lucid au Porsche, fungua ramani uangalie vituo vya kilowati 350 kwenye njia zako halisi: nyumbani kwenda kazini, nyumbani kwa ndugu, kanisani au msikitini mji wa jirani. Usiangalie ramani ya nchi nzima.

Gharama ambazo hazimo kwenye bili ya umeme

Matairi. Plaid ya rimu 21 hubeba matairi ya upana wa 265 mbele na 295 nyuma, kwa hiyo huwezi kuyahamisha ya mbele kwenda nyuma ili yachakae sawasawa. Chukua mfano wa seti ya dola 1,800 inayodumu maili 15,000 chini ya gari la zaidi ya tani mbili lenye nguvu ya ajabu. Hiyo ni senti 12 kwa kila maili. Umeme wa gari hilo ukichaji nyumbani ni kama senti tano kwa maili. Matairi yanakula zaidi ya mara mbili ya umeme! Seti ya rimu 19 ya dola 1,200 inayodumu maili 25,000 inashuka hadi senti tano hivi. Watu wanauliza gari linakula uniti ngapi na hakuna anayeuliza linakula matairi mangapi.

Mguu wako ndio utakaoamua. Mota haili uniti nyingi ukikanyaga mara moja moja kufurahia, lakini tairi hukumbuka kila ulipokanyaga.

Breki huchakaa polepole kwa sababu mota ndiyo inayofanya kazi. Lakini Taycan Turbo S hutoka kiwandani na breki za kauri, na siku diski moja ikipasuka utalipa maelfu. Ukikagua iliyotumika, tazama kingo za diski kwa tochi kama kuna mahali pamemeguka. Mwaka 2024 Porsche iliita Taycan zote duniani zirudi kwa wakala kwa sababu ya mipira ya breki za mbele ambayo ingeweza kupasuka. Andika namba ya chasi ya gari kwenye tovuti ya NHTSA, wakala wa usalama barabarani wa Marekani, bure, uone kama kazi hiyo na nyingine zilifanyika. Usikubali neno la muuzaji peke yake, hata awe ndugu.

Dhamana ya betri: miaka minane kwa wote watatu, lakini Tesla inakwenda hadi maili 150,000, Porsche na Lucid ni 100,000. Kwa anayeendesha sana, maili 50,000 za ziada ni kitu.

Ada ya serikali. Texas hutoza gari la umeme dola 200 kila mwaka juu ya usajili wa kawaida, na la jipya hulipa 400 kwa miaka miwili ya mwanzo. Kodi ya petroli ya jimbo ni senti 20 kwa galoni, kwa hiyo yule wa galoni 600 anachangia dola 120. Mwenye umeme anatoa zaidi. Na punguzo la kodi la serikali kuu la dola 7,500 liliisha tarehe 30 Septemba 2025, kwa hiyo muuzaji anayelitaja leo anakupa habari za zamani.

Kwa Tesla kuna mlinzi anayekula. Ule mfumo wa kamera unaolinda gari likiwa limeegeshwa hutafuna kama maili moja ya masafa kwa saa. Ukiuacha usiku na mchana, ni maili 24, kama uniti saba, dola moja kila siku bila gari kusogea. Uzime nyumbani, uwashe mjini.

Halafu kushuka thamani, na hapa ndipo pesa inapotoka kwa ndoo. Plaid ilizinduliwa Juni 2021 kwa dola 129,990. Septemba 2023 iliuzwa mpya kwa dola 89,990. Aliyenunua mwanzoni alipoteza dola 40,000 kwa tangazo la bei tu, na fedha hiyo ingelichaji gari lake nyumbani kwa zaidi ya miaka 70. Taycan Turbo S ya 2020 ilianzia dola 185,000, na leo hupatikana kwa chini ya nusu ya hapo. Lucid nazo hushuka kwa kasi, na mnunuzi huogopa zaidi kampuni changa, ingawa mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia ndio mwenye hisa nyingi na umeendelea kuitilia fedha. Kama una uwezo wa kusubiri, mwache mwenzako abebe miaka mitatu ya kwanza, kisha ununue. Hilo litakuokolea zaidi ya akiba yote ya uniti utakayoipata maisha yako yote.

Ningechagua nini

Mwenye soketi nyumbani na safari ndefu za mara kwa mara: Lucid Air. Pure ya 2025 ilianzia karibu dola 70,000 na inakwenda maili 420 kwa betri ya kilowati-saa 84, ndogo kuliko ya wenzake. Kubana umeme ni hivyo, kufika mbali kwa betri ndogo, na sijaona gari la kifahari linalofanya vizuri zaidi. Haina fujo ya Plaid, ila ina nguvu kuliko unavyohitaji.

Asiye na soketi, ambaye atategemea vituo: Model S, ya rimu 19. Mtandao wake unafidia mengi. Sitamshauri Taycan ya 2020 hata akipewa kwa bei nzuri, kwa sababu kila uniti atailipia senti 55.

Anayependa kuendesha, anayejua kona na anataka usukani unaozungumza naye: Taycan ya 2025, au ya zamani iliyowekewa programu mpya, mradi anachaji nyumbani. Dola zile za ziada, zisizozidi 40 hivi kwa mwezi, ni bei ya furaha ya kweli, na namwelewa kabisa anayeilipa.

Kuna wanaowaza kulitumia gari Marekani miaka mitatu kisha kulisafirisha Mombasa. Usifanye hivyo. Kenya haisajili gari binafsi lenye usukani wa kushoto, wala lililozidi miaka minane. Ukitaka gari la aina hii nyumbani, Taycan yenye usukani wa kulia hutoka Uingereza. Model S ya kuanzia 2021 haikutengenezwa kwa usukani wa kulia, na Lucid haiuzwi kwa usukani huo.

Shemeji yangu tulifika naye kwenye maili 33 kwa siku, ndizo maili 12,000 ukizigawa kwa mwaka. Kwa Plaid ya rimu 19 ni kama uniti kumi. Soketi ya kawaida ya Marekani, ile ya volti 120 anayochomekea feni, hutoa kilowati 1.4, kwa hiyo saa saba hadi tisa za usiku zinamtosha. Hakuhitaji chaja ya ukutani wala fundi wa gharama kubwa, alihitaji soketi moja karibu na anapoegesha. Ipo moja kwenye nguzo ya maegesho ya chini, inatumiwa na wafagiaji mchana. Amemwandikia mwenye nyumba barua ya kuomba kuitumia usiku na kulipia uniti zake kwa mita ndogo. Gari bado hajanunua, anasubiri jibu.